Jina la Nani Litasomwa? Kumbukumbu ya Wafu katika Parokia ya Watakatifu Wote, Bristol

Wengi wetu tumefundishwa kwamba Matengenezo ya Kanisa yalianza na swali la mtu aliye hai: mimi mwenye dhambi nitampataje Mungu mwenye rehema? Mafundisho hayo ni sahihi. Lakini swali hilo lilipitia makaburini kabla ya kufika kwenye vyuo vya teolojia. Hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 zilipinga biashara ya vyeti vya msamaha, na vyeti hivyo watu hawakujinunulia wenyewe tu. Walinunua pia kwa ajili ya baba na mama waliokwisha kufa, ambao waliaminiwa kuwa wanateseka toharani. Kwa hiyo Mlutheri anayetaka kujua kwa nini tunazika jinsi tunavyozika, na kwa nini hatutoi sadaka ya misa kwa ajili ya marehemu, hana budi kwanza kujua Wakristo wa kabla ya Luther waliwakumbukaje wafu wao, na kwa nini walipenda kufanya hivyo.

Nasema "walipenda" kwa makusudi. Kila inapofika Sikukuu ya Matengenezo tumezoea kuwaeleza Wakristo wa zama za kati kama watu waliotiwa hofu na mapadre, wakatoa fedha huku wanatetemeka. Kitabu cha mwanahistoria Clive Burgess kiitwacho The Right Ordering of Souls, kilichotoka mwaka 2018, kinaifanya picha hiyo isimame kwa shida. Jina la kitabu lina maana ya kuziweka roho katika utaratibu unaofaa. Burgess hakuandika juu ya Ulaya nzima wala juu ya mapapa. Ameandika juu ya parokia moja ndogo ya mjini, Watakatifu Wote ya Bristol, bandari ya magharibi mwa Uingereza iliyotajirika kwa biashara ya nguo za sufu na divai. Anaifuata parokia hiyo katika miaka ya mwisho kabla ya Matengenezo kufika, na anatuonyesha jinsi walio hai na wafu walivyoishi pamoja ndani ya kanisa moja.

Nimekisoma kama mchungaji, na ningependa kukihakiki hivyo: kueleza kinachotufundisha, mahali kinaponyamaza, na swali kinalotuachia sisi tunaozika kila wiki.

Kitabu cha majina

Parokia nyingi za wakati ule zimeacha karatasi chache tu. Watakatifu Wote wameacha nyingi kiasi kwamba Burgess alizichapisha kwanza katika majuzuu matatu, mwaka 1995, 2000 na 2004, kabla ya kuandika kitabu chenyewe. Humo mna hesabu za watunza mali wa kanisa, orodha za vyombo na mavazi, na wosia za washarika. Hazina kubwa kuliko zote ni kile kiitwacho Kitabu cha Kanisa, ambacho mmoja wa watungaji wake alikuwa paroko Maurice Hardwick wa karne ya 15. Ndani yake yameandikwa majina ya watu waliolitendea kanisa wema, pamoja na kile ambacho kila mmoja alitoa: kikombe cha fedha, vazi la kuadhimishia misa, kitabu, nyumba ambayo kodi yake ililipia ibada.

Kitabu hicho hakikuandikwa ili kikae sandukuni. Mara moja kila mwaka palikuwa na siku ya kumbukumbu ya jumla. Washarika walikusanyika, majina yakasomwa mbele yao pamoja na matendo ya kila mmoja, wafu wakaombewa, kisha watu wakapewa mikate mitamu na divai. Hesabu za kanisa zinaonyesha gharama za siku hiyo. Na Kitabu chenyewe kinaeleza kwa nini ilifanyika. Sababu zake ni tatu: wafadhili hao wasisahauliwe; waombewe na washarika wa sasa na wale watakaokuja; na wawe mfano kwa walio hai, ili nao watende vivyo hivyo.

Naomba msomaji azishike sababu hizo tatu, kwa kuwa tutazirudia.

Nyuma ya siku hiyo ya pamoja palikuwa na utaratibu mwingine wa mtu mmoja mmoja. Aliyeweza aliagiza kumbukumbu yake ya mwaka. Siku ile aliyofariki iliporudi, mazishi yalifanywa upya kana kwamba ndiyo kwanza amekufa: kengele zilipigwa, mpiga mbiu alipita mjini akitangaza, kitambaa kilitandikwa kana kwamba maiti ipo, sala za wafu zilisemwa jioni, na asubuhi ikafuata misa. Maskini walipewa sadaka nao wakaombe. Burgess aliueleza utaratibu huu katika makala ya mwaka 1987, na anachosisitiza ni kwamba mazishi hayo ya kurudiwa yalimrudisha marehemu katikati ya majirani zake mwaka baada ya mwaka.

Aliyekuwa na mali zaidi aliweka wakfu wa misa. Katikati ya karne ya 15, Thomas Halleway na mkewe Joan walitoa nyumba ambazo kodi yake ilimlipa padre wa kuadhimisha misa kwa ajili ya roho zao katika kanisa la Watakatifu Wote. Wakfu huo uliendelea hadi wakati wa Matengenezo. Mtu anaweza kusema huo ni ubinafsi mtupu, kujiajiria padre wako mwenyewe ukiwa kaburini. Burgess anajibu kwa ushahidi: padre wa wakfu hakujifungia katika altare yake. Alisaidia ibada za parokia nzima na kuongeza uimbaji, na washarika wote walipata ibada nyingi na nzuri zaidi kuliko ambavyo paroko mmoja angeweza kuwapa.

Kitambaa cha mjane

Kati ya watu wote wa kitabu hiki, mmoja anakaa moyoni. Ni Alice Chestre, mjane wa mfanyabiashara wa nguo, Henry Chestre. Henry alitangulia kufa, na Alice akaishi miaka kadhaa baada yake, hadi mwaka 1485. Katika miaka hiyo ya ujane alifanya kazi kubwa. Aliwalipa mafundi wakachonga jukwaa jipya la msalaba kanisani, lenye sanamu nyingi, baada ya kushauriana na wakubwa wa parokia. Aliutengenezea mji winchi ya kupakulia mizigo gatini. Wosia wa mumewe peke yake usingetuambia mengi ya haya, na hapa ndipo Burgess anapotoa mchango wake ulio bora kabisa kwa wanahistoria: wosia huonyesha yale tu ambayo mtu hakuwahi kuyatimiza akiwa hai. Anayepima imani ya watu kwa wosia zao ni kama anayepima ukarimu wa mama kwa fedha zilizobaki katika pochi yake siku aliyokufa. Yaliyo mengi alikwisha kuyatoa.

Zawadi moja ya Alice ilikuwa kitambaa cha kufunikia jeneza. Kitabu cha Kanisa kinaeleza kwamba aliona kanisa halina kitambaa cha heshima cha kazi hiyo, akatoa cheusi kilicho kizuri, kwa upendo wake kwa Mungu na kwa roho zote za Wakristo, kiwafae watu wote wa parokia. Juu yake ziliandikwa kwa dhahabu herufi za jina la mumewe na la kwake, pamoja na maneno ya Kilatini ya kuomba roho zao ziombewe.

Tukiangalie kitambaa hicho kwa utulivu, maana ndani yake umo uzuri wote wa utaratibu ule na udhaifu wake wote. Hapa yupo mama aliyeona kwamba jirani yake anazikwa bila heshima, akaumia, akatoa. Ni dada yake Dorkasi wa Yafa, ambaye alipokufa wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea (Matendo 9). Biblia haioni aibu kumkumbuka marehemu kwa kazi ya mikono yake. Lakini angalia tena. Jirani anapofunikwa kwa kitambaa kile, jina linalosomeka juu ya mwili wake si lake. Waombolezaji wanaomlilia wanaombwa, hapo hapo juu ya jeneza la mtu wao, wawaombee Henry na Alice. Zawadi ni ya kweli, nayo ina kamba iliyofungwa nyuma yake.

Sisemi hivi ili kumhukumu mama yule. Alifanya kama alivyofundishwa. Ni mafundisho yenyewe yaliyofunga ile kamba.

Deni lisilokwisha

Mafundisho hayo yalikuwa hivi. Dhambi zikisamehewa, hatia huondoka lakini adhabu hubaki, na mtu asiyeimaliza duniani ataimalizia toharani. Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1274 na ule wa Florence wa mwaka 1439 ulifundisha kwamba maombi, sadaka na misa za walio hai huwasaidia walioko huko. Kwa watu wa mjini, waliojua madeni na riba, jambo hilo lilieleweka upesi. Marehemu alikuwa mdaiwa aliyefungwa, asiyeweza tena kujifanyia lolote. Walio hai ndio waliokuwa na fedha ya kumkomboa.

Burgess anaeleza kwa ufasaha jinsi imani hiyo ilivyozaa matunda. Kwa kuwa mtu alihitaji maombi ya majirani zake baada ya kufa, alikuwa na kila sababu ya kuwatendea mema kabla ya kufa. Kwa kuwa kanisa ndilo lililotunza jina lake, alilijenga na kulipamba. Kwa kuwa hakujua saa yake, na hasa baada ya tauni iliyofika Bristol mwaka 1348, alijiandaa. Mafundisho ya toharani, kwa maelezo yake, hayakuwadumaza watu. Yaliwafanya wachangamke, wakatoa, wakasimamia, wakahesabu. Walei wa parokia ile waliendesha mambo yao kwa ustadi ambao baraza lolote la wazee wa kanisa leo lingeuonea wivu.

Nayakubali hayo yote. Hapa hapa, hata hivyo, ndipo nguvu ya kitabu inapogeuka kuwa mpaka wake. Burgess anapima mafundisho kwa kazi yaliyofanya: yalijenga nini, yalikusanya nini, yaliunganisha nani na nani. Kwa mwanahistoria hicho ni kipimo halali. Mchungaji anayesimama pembeni ya kitanda cha mtu anayekata roho anahitaji kipimo kingine. Yeye anauliza: je, ni kweli? Na je, mtu huyu anaweza kufa kwa amani akilishika neno hili?

Jibu la pili laonekana katika karatasi za Bristol zenyewe. Kama misa moja ina faida, mbili zina faida zaidi. Kama kumbukumbu ya miaka 10 ni njema, ya milele ni bora. Hakuna mahali ambapo mtu angeweza kusema, sasa yatosha. Ndiyo maana wakfu ulipewa nyumba na ardhi ili usikome kamwe: ile misa ilihitaji kutolewa kesho tena, na kesho kutwa, na miaka mia ijayo. Lakini Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Kristo alijitoa mara moja, na mara hiyo ilitosha. Luther alipoipinga misa ya wafu hakuwa akiwachukia wafu. Alikuwa akiwatetea mbele ya mdai ambaye alikwisha kulipwa Kalvari. Katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537 aliiweka toharani miongoni mwa madhara yaliyozaliwa na misa iliyogeuzwa kuwa biashara, akasisitiza kwamba ni Kristo peke yake, wala si kazi ya wanadamu, anayezisaidia roho.

Wale ambao hawamo

Jambo la pili ambalo msomaji Mkristo lazima aliulize ni hili: katika siku ile ya kumbukumbu ya jumla, nani hakusomwa?

Kitabu cha Kanisa kiliwaandika waliotoa. Mtumishi wa ndani, mbeba mizigo wa gatini, mtoto aliyekufa na homa, mjane ambaye sadaka yake ilikuwa ndogo mno kuandikwa: hawa walizikwa, waliombewa kwa ujumla siku ya Roho Zote, tarehe 2 Novemba, na kila misa ilikuwa na sala kwa ajili ya marehemu wote. Tusiseme kwamba kanisa la zama zile liliwatupa. Ila majina yao hayakuingia katika kitabu kile, na siku ile walikuwa wasikilizaji wa majina ya wengine. Maskini tunakutana nao katika hesabu za kumbukumbu wakiwa wamenyoosha mkono, wakipokea sadaka ili wamwombee aliyekuwa nacho.

Bwana wetu alisimulia habari za watu wawili waliokufa, mmoja tajiri na mwingine maskini (Luka 16). Katika mfano huo tajiri hana jina. Mwenye jina ni yule aliyelala mlangoni akiwa na vidonda, naye aliitwa Lazaro. Katika kitabu cha kumbukumbu cha mbinguni, kama Yesu anavyotuonyesha, utaratibu umegeuzwa juu chini. Ningetamani Burgess angekaa muda mrefu zaidi katika ukimya huo wa nyaraka zake. Anajua vizuri jinsi wosia zinavyoweza kutudanganya kuhusu matajiri. Kitabu cha Kanisa nacho chaweza kutudanganya kuhusu parokia nzima, tukasahau kwamba upendo na mshikamano tunaousifu tumesimuliwa na wale waliokuwa na kitu cha kutoa.

Kilichovunjwa

Mwaka 1547, chini ya mfalme Edward VI, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta wakfu za misa na kumbukumbu za mwaka. Nyumba na kodi zilizozitegemeza zikaenda kwa serikali ya mfalme. Kitabu cha ibada cha Kiingereza cha mwaka 1549 bado kilikuwa na maombi kwa ajili ya marehemu. Kile cha mwaka 1552 kiliyaondoa. Mwanahistoria Eamon Duffy, katika kitabu chake The Stripping of the Altars cha mwaka 1992, ameonyesha badiliko dogo lenye maana kubwa: katika ibada ya mazishi ya 1549 padre alikuwa bado akimsemesha marehemu, lakini mwaka 1552 alisema habari zake tu, akiwaelekea walio hai. Baada ya kizazi kimoja cha mabadiliko, majina ya Henry na Alice hayakuwa tena na mtu wa kuyasoma.

Mlutheri hapaswi kushangilia upesi. Mafundisho mabaya yaliondolewa, ni kweli. Lakini mali zilizotolewa kwa ajili ya Mungu na maskini zilipoishia mikononi mwa mfalme, hiyo haikuwa Injili. Luther mwenyewe alitaka njia tofauti. Mwaka 1523 aliandika dibaji ya utaratibu wa hazina ya pamoja ya mji wa Leisnig, akashauri kwamba mali za wakfu wa namna hiyo zitumike kuwatunza wahitaji. Na kuhusu wafu hakuwahi kuamuru ukimya. Mwaka 1528 aliandika kwamba si dhambi Mkristo, kwa ibada yake ya hiari, kumwomba Mungu mara moja au mbili amrehemu ndugu yake aliyefariki, kisha aache mikononi mwa Mungu. Alichokataa ni misa za wafu na mikesha ya kulipiwa. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, katika makala ya 24, nao unasema waziwazi kwamba hatukatazi kuwaombea wafu. Tunachokataa ni kuigeuza Meza ya Bwana kuwa kazi ya kuwalipia. Jambo hili huwashtua washarika wengi wanapolisikia kwa mara ya kwanza, nao wana haki ya kulijua.

Mwaka 1542 Luther aliandika dibaji ya nyimbo za mazishi. Alieleza kwamba misa za wafu na toharani vimeondolewa, na badala yake makanisani ziimbwe nyimbo za faraja, za msamaha, za kulala na kufufuka. Aliona vema hata tuni nzuri za zamani zitunzwe, zikiwekewa maneno ya kweli, na maneno ya Maandiko yaandikwe makaburini. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, binti yake Magdalena alifariki akiwa na umri wa miaka 13. Haya hayakuwa maneno ya mtu aliyeona kifo kwa mbali.

Sasa turudi kwenye sababu tatu za Kitabu cha Kanisa: wasisahauliwe, waombewe, wawe mfano. Tuziweke kando ya makala ya 21 ya Utetezi, inayosema watakatifu wapewe heshima ya namna tatu: kumshukuru Mungu kwa ajili yao, imani yetu kuimarishwa kwa kuona walivyorehemiwa, na kuuiga mwenendo wao. Zinakaribiana kuliko tulivyodhani. Kutokusahau kumekuwa shukrani, na mfano umebaki mfano. Kilichobadilika ni cha katikati. Watu wa Bristol waliwatazama marehemu na kuuliza, wanatuhitaji kiasi gani? Ungamo letu linatuelekeza kuwatazama marehemu haohao na kuona ni kiasi gani Mungu aliwarehemu, ili nasi tusikate tamaa.

Swali kwetu

Hapa kitabu cha Burgess kinaacha kuwa habari za mbali. Sisi tumeikana toharani, lakini je, tumeikana bei ya kumbukumbu? Ingieni katika makanisa yetu mengi mtazame: kibao kwenye benchi, kibao kwenye kengele, kibao ukutani, kila kimoja na jina la familia iliyochangia. Marehemu aliyekuwa na watoto wenye uwezo hufanyiwa ibada ya kumbukumbu yenye mahema, muziki na wachungaji watatu. Mama aliyefagia kanisa miaka 20 huzikwa siku ya Jumanne mchana, na mwaka ukipita hakuna anayemtaja. Hatuna mafundisho ya misa za wafu ya kusingizia. Tumeijenga tofauti hiyo bila mafundisho yoyote, na pengine hilo ni baya zaidi, kwa sababu Alice Chestre angalau aliweza kueleza imani iliyomwongoza.

Wala dawa yake si kung'oa vibao. Shukrani kwa aliyetoa ni jambo la Kikristo, na mtu asiyewakumbuka waliomtangulia hujidanganya kwamba yeye ndiye aliyeanza. Mtume anatuagiza tusihuzunike kama wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4). Hakutuagiza tusihuzunike, wala hakutuagiza tusahau. Ninachokiona katika siku ile ya kumbukumbu ya Bristol ni kitu ambacho tungeweza kukirithi kwa furaha, tukikitakasa. Kila usharika una daftari la maziko. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, kabla ya Majilio, daftari hilo lingeweza kuletwa madhabahuni na majina ya wote waliozikwa mwaka huo yakasomwa kwa sauti, kwa mfuatano wa tarehe tu: mzee wa kanisa, mtoto mchanga, mlevi aliyekutwa barabarani, mama mfagiaji. Asitajwe mtu alitoa nini. Kisha usharika umshukuru Mungu kwa ajili yao, uimbe wimbo wa ufufuo, na baada ya ibada watu wanywe chai pamoja na wafiwa. Ile mikate mitamu ya Bristol haikuwa na kosa lolote.

Haitagharimu kitu, na hapo ndipo fundisho lilipo. Marehemu wetu hawana deni ambalo tunaweza kuwapunguzia, wala hawana akaunti ya wema ambayo inatupasa kuitangaza ili wakumbukwe. Kila mmoja wao aliitwa kwa jina lake siku alipobatizwa, kabla hajatoa hata senti moja, na wengi wao kabla hawajaweza kusema neno. Jina hilo ndilo tunalolisoma tena anapolala. Kitabu cha Burgess kinastahili kusomwa na wachungaji na wazee wa kanisa, kwa sababu kinatuonyesha watu waliowapenda wafu wao kwa bidii kuliko sisi. Tukikisoma vizuri tutawaheshimu watu wale, tutaikataa hofu iliyowasukuma, na tutaona aibu kidogo kwamba wao, pamoja na mafundisho yale, walikumbuka majina, na sisi wenye Injili tumeyaacha yafifie katika daftari.